Maswali ya Wasomaji: Zege, Aina ya Saruji na Maji Yanayopenya

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja: zege ambalo lilitarajiwa kuzuia maji, lakini halikuyazuia. Tumezichagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwasaidia wasomaji wengi, na tumezifupisha pale ilipobidi. Mhandisi wetu wa safu hii anazijibu.

SWALI: Ndugu Mhandisi, baada ya salamu. Kamati yetu imesimamia ujenzi wa tangi la zege la kuhifadhia maji. Vipande vya majaribio vilipelekwa maabara, vikavunjwa siku ya 28, na vyote vikafikia nguvu iliyoandikwa kwenye michoro. Hata hivyo, tulipojaza maji, sehemu ya chini ya ukuta ilianza kutoa unyevu kwa nje, na hatuoni ufa wowote. Mkandarasi anasema zege limefaulu, kwa hiyo yeye hana kosa. Je, zege lenye nguvu linaweza kupitisha maji? *Katibu wa kamati ya maji*

JIBU: Ndugu Katibu, linaweza, tena hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nguvu na uwezo wa kuzuia maji hutokana na rojo lile lile la saruji, lakini kila moja hutegemea jambo lake. Nguvu hutegemea zaidi ni kiasi gani cha nafasi iliyo ndani ya zege kimejazwa. Uzuiaji wa maji hutegemea kama nafasi zilizobaki zimeungana au zimetengana.

Saruji inapokutana na maji, kila chembe yake hubaki imezungukwa na maji, na baina ya chembe moja na nyingine kuna nafasi. Kadiri saruji inavyoendelea kukutana na maji kikemia, huzaa jeli ngumu inayochukua takribani mara mbili ya nafasi iliyokuwa imechukuliwa na saruji yenyewe, na jeli hiyo husogea kwenye zile nafasi na kuzijaza. Kile kisichojazwa hubaki kuwa vinyweleo. Mwanzoni vinyweleo hivyo vyote vimeungana, mithili ya vichochoro vya mtaa ambamo mtu anaweza kuingia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kizuizi. Jeli inapokua, kichochoro kimoja baada ya kingine huzibwa, hadi inafika siku ambapo hakuna njia inayotoka mwanzo hadi mwisho isipokuwa kupitia ndani ya jeli yenyewe, ambayo matundu yake ni madogo mno kiasi kwamba maji hupita humo polepole sana.

Siku hiyo inategemea kiasi cha maji yaliyotiwa wakati wa kuchanganya. Mtafiti T. C. Powers na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 1959 makadirio ambayo mpaka leo wahandisi huyarejea. Kwa rojo la saruji ya Portland linalobaki na unyevu muda wote, ikiwa uzito wa maji ni 0.40 ya uzito wa saruji, njia hizo hukatika baada ya siku 3 hivi. Kwa 0.45 ni siku 7, na kwa 0.50 ni siku 14. Kisha hesabu hupanda ghafla: kwa 0.60 ni miezi 6, kwa 0.70 ni mwaka mzima, na zaidi ya 0.70 njia hazikatiki kamwe, hata zege likizamishwa majini miaka mingi, kwa sababu saruji iliyopo haiwezi kuzaa jeli ya kutosha kujaza nafasi zilizoachwa na maji.

Sasa angalia vile vipande vya majaribio. Kwa utaratibu wa kawaida, vipande hivyo huondolewa kwenye fomu, yaani kiunzi kinacholipa zege umbo, na kutunzwa ndani ya maji, au kwenye chumba chenye unyevu mwingi, katika joto la nyuzi 20 hivi, hadi siku ya kuvunjwa. Ukuta wako haukupata malezi hayo. Inawezekana fomu zilifunguliwa siku ya pili, jua na upepo vikaupiga, na sehemu ya nje ya zege ikakauka. Jeli huacha kukua, au hukua kwa mwendo usio na maana, pale unyevu ndani ya vinyweleo unaposhuka chini ya asilimia 80 hivi. Sehemu ya ndani ya ukuta hubaki na unyevu wake na kuendelea kukakamaa, lakini milimita 20 hadi 50 za nje, ambazo ndizo kinga ya kwanza dhidi ya maji na ndizo zinazolinda nondo, hubaki na vichochoro vilivyo wazi. Vipande vya majaribio vinakueleza zege lililoletwa lilikuwa la namna gani. Havikuelezi ukuta ulitunzwaje. Mkandarasi wako anasema kweli kuhusu vipande, ila amevipa ushahidi ambao havikuuona.

Kabla hamjaanza kulaumiana, lakini, tazameni unyevu huo umekaaje. Ukiwa umenyooka katika mstari wa mlalo, mahali sakafu ilipokutana na ukuta au mahali kazi ya siku moja iliposimama na ya siku ya pili kuanza, basi tatizo ni kiungo na wala si zege lenyewe. Ukiwa kwenye mabaka ambamo kokoto zinaonekana wazi bila rojo la kutosha kuzizunguka, vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikamane, haikufika, au ilifika ikatolewa upesi. Ni pale tu unyevu unapotandaa kwa upana, kama rangi ya ukuta imekolea bila mpaka dhahiri, ndipo nitakapoanza kushuku kiasi cha maji na utunzaji.

SWALI: Mheshimiwa Mhandisi, mimi ni fundi mwashi. Dukani kuna mifuko iliyoandikwa CEM I, CEM II na CEM IV, na wateja wengi wanaamini kuwa saruji yenye pozolana, ule unga kama wa majivu ya volkeno, ni dhaifu na inapitisha maji. Wengine wanasema kinyume, kwamba hiyo ndiyo saruji ya matangi. Nimsikilize nani? *Fundi mwashi*

JIBU: Ndugu Fundi, wote wawili wamewahi kuona walichokisema, na tofauti yao inatokana na jinsi zege lilivyomwagiliwa maji.

Tuanze na maandishi ya mfuko. Katika kiwango cha Ulaya EN 197-1, ambacho kinafuatwa pia na nchi nyingi zisizo za Ulaya, CEM I ni saruji ya Portland yenye klinka (mawe yaliyochomwa tanurini ambayo husagwa kuwa saruji) isiyopungua asilimia 95. CEM II imechanganywa na asilimia 6 hadi 35 ya viambato vingine, CEM III ina slagi, yaani masalio ya tanuru la chuma yaliyosagwa, kuanzia asilimia 36, na CEM IV ina pozolana kuanzia asilimia 11 hadi 55. Herufi A na B huonyesha mchanganyiko mdogo au mkubwa zaidi. Herufi inayofuata hutaja kilichochanganywa: P ni pozolana ya asili, V ni majivu laini ya makaa ya mawe, S ni slagi, na L ni unga wa mawe ya chokaa. Tarakimu 32.5 au 42.5 ni daraja la nguvu katika siku ya 28, na herufi ya mwisho, N au R, hueleza kama nguvu ya siku za mwanzo ni ya kawaida au ya haraka. Kwa hiyo mfuko ulioandikwa CEM II/B-P 32.5 N umekwisha kukuambia kuwa una pozolana nyingi kiasi na kwamba hauna haraka.

Saruji ya Portland inapokutana na maji huzaa jeli pamoja na chokaa iliyomo katika umbo la fuwele. Chokaa hiyo, ambayo hufikia takribani asilimia 20 ya rojo lililokakamaa, haiongezi nguvu kwa kiasi kikubwa, na maji yanayopita huiyeyusha na kuitoa nje. Michirizi myeupe unayoiona ukutani chini ya mahali panapovuja ni chokaa iliyotoka kwa njia hiyo na kukutana na hewa. Pozolana huichukua chokaa hiyo na kuigeuza kuwa jeli nyingine. Matokeo yake ni kwamba kitu kinachoyeyuka hupungua, jeli huongezeka, na vinyweleo vikubwa hugawanyika kuwa vidogo. Jumla ya nafasi zilizo wazi huenda isipungue sana, lakini njia zake hukatika, na kama nilivyomjibu Katibu hapo juu, kukatika kwa njia ndiko kunakozuia maji. Warumi hawakuijua kemia hii, lakini walichanganya chokaa na majivu ya volkeno na kuyatumia ndani ya bahari, na mabaki ya bandari ya Caesarea, iliyojengwa kwa zege la namna hiyo zaidi ya miaka 2000 iliyopita, yapo hata leo.

Sharti la pozolana ni muda. Haiwezi kufanya kazi kabla chokaa haijazaliwa, na haiwezi kuendelea baada ya maji kwisha. Kazi yake kubwa huanza baada ya wiki ya kwanza na kuendelea kwa wiki nyingi. Zege la CEM I likikauka siku ya nne, limepoteza sehemu ya kile ambacho lingekipata. Zege lenye pozolana nyingi likikauka siku ile ile, limepoteza karibu yote ambayo pozolana ilikuwa ilete, na kilichobaki ndani yake ni saruji kidogo iliyochanganywa na unga ambao haujafanya kazi. Hapo mteja wako ana haki ya kuliita dhaifu. Fundi mwenzako aliyelitunza kwa majuma mawili au matatu naye ana haki ya kulisifu.

Slagi ina tabia tofauti kidogo, kwa kuwa yenyewe hukakamaa ikikutana na maji mradi iamshwe na saruji iliyopo, lakini nayo ni ya polepole na hukasirika ikikaushwa mapema. Inapotunzwa vizuri hutoa zege lenye kubana maji kuliko saruji ya Portland pekee, na kwa kuwa hutoa joto kidogo, hupunguza nyufa zinazotokana na zege nene kupoa. Unga wa silika, kiambato kingine kinachoongezwa kwenye saruji, una chembe ndogo takribani mara mia kuliko za saruji, hutumika kwa asilimia 5 hadi 10 tu, na hubana vinyweleo mapema. Ubaya wake ni kwamba zege lake halitoi maji juu baada ya kumwagwa, kwa hiyo uso wake hukauka na kupasuka ndani ya saa chache usipofunikwa.

Unga wa mawe ya chokaa uwekwe mbali na hao wote. Ukiwa peke yake na klinka, kazi yake kubwa ni kujaza nafasi, na hauli chokaa. Ukitumia CEM II/B-L kwa kipimo kile kile cha maji ulichokuwa ukitumia kwa CEM I, klinka iliyopo imepata maji mengi zaidi kuliko unavyodhani. Punguza maji, au ongeza saruji. Hali hubadilika pale mawe ya chokaa yanapochanganywa na udongo wa mfinyanzi uliochomwa, kwani viwili hivyo husaidiana kikemia na vinyweleo hubanwa mapema, lakini mfuko wa namna hiyo huwa umeandikwa hivyo.

Maoni yangu mwenyewe, kwa kuwa umeniuliza umsikilize nani: kwa tangi ambalo una hakika litakaa na unyevu siku 14 au zaidi, chukua saruji yenye slagi au pozolana bila kusita. Kwa kazi ambayo unajua kabisa kuwa baada ya siku ya tatu hakuna atakayegusa mpira wa maji, CEM I ya 42.5 yenye maji machache ni salama zaidi, ingawa si ndiyo bora. Kiwango cha EN 13670 kinalipima jambo hili kwa hesabu: gawa nguvu ya siku ya 2 kwa nguvu ya siku ya 28. Ikiwa jibu ni 0.5 au zaidi, zege hilo ni la haraka. Likiwa kati ya 0.15 na 0.3, ni la polepole. Katika joto la uso la nyuzi 15 hadi 25, daraja la utunzaji linalotaka nusu tu ya nguvu ifikiwe hudai siku 2 kwa zege la haraka na siku 7 kwa la polepole. Hicho ni kiwango cha chini kwa majengo ya kawaida. Tangi linahitaji zaidi.

SWALI: Zege linapokuwa zito kusambaza, vibarua wetu huongeza ndoo moja ya maji kwenye mchanganyiko, halafu sisi huongeza siku za kumwagilia ili kufidia. Je, hesabu inakubali? *Msimamizi wa ujenzi*

JIBU: Haikubali, Ndugu Msimamizi. Chukua mfuko mmoja wa kilo 50 uliochanganywa kwa lita 22.5 za maji, yaani uwiano wa 0.45. Ongeza ndoo ya lita 10. Sasa una lita 32.5, na uwiano umekuwa 0.65. Rojo ambalo njia zake zingekatika ndani ya siku 7 sasa linahitaji zaidi ya nusu mwaka wa unyevu usiokatika, na hakuna eneo la ujenzi linalomwagilia ukuta nusu mwaka. Kwa sababu hiyo kanuni za Marekani za ACI 318 huweka ukomo wa 0.50 kwa zege linalotakiwa kuzuia maji, na mimi kwa tangi ningependa 0.45.

Kumbuka pia kwamba mchanga una maji yake. Mchanga uliolala na mvua ukiwa na unyevu wa asilimia 5 hubeba kilo 5 za maji katika kila kilo 100, na maji hayo huingia kwenye hesabu hata kama hakuna aliyeyamimina. Zege likiwa zito kusambaza, tumia dawa ya kulainisha zege, ile ambayo hulifanya lisambae bila kuongeza maji, au badili uwiano wa mchanga na kokoto. Ikishindikana kabisa, ongeza maji pamoja na saruji kwa uwiano ule ule. Ni gharama, naelewa.

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Najenga nyumba na fundi ameniambia nimwagilie slabu asubuhi na jioni kwa siku saba. Mchana naikuta imekuwa nyeupe na kavu kabisa. Je, hiyo inatosha? Na nianze lini hasa, maana naogopa kuharibu uso wake? *Mama mjenzi*

JIBU: Marahaba, Mama. Siku saba ni mwanzo mzuri, lakini asubuhi na jioni peke yake haitoshi, na rangi nyeupe ya mchana ndiyo inayokuambia hivyo. Kila slabu inapokauka, ukuaji wa jeli katika tabaka la juu husimama. Isitoshe, uso unaolowa na kukauka kwa zamu husinyaa na kutanuka, nao hupata nyufa ndogo kama utando wa buibui. Lengo ni slabu isikauke hata mara moja.

Njia iliyo rahisi kwa slabu ni kuzungushia ukingo mdogo wa udongo au chokaa na kuacha maji yasimame juu yake kwa kina cha sentimita chache. Pale isipowezekana, tandaza magunia, yaloweshe, kisha yafunike kwa nailoni nzito, ambayo kingo zake zimekandamizwa kwa mbao au matofali ili upepo usipite chini yake. Kwa namna hiyo utaongeza maji mara moja au mbili tu kwa siku. Gunia lililokauka ni baya kuliko kukosa gunia, kwa kuwa hunyonya unyevu kutoka kwenye zege. Nguzo na kuta huzungushiwa gunia na nailoni vivyo hivyo, au fomu huachwa siku kadhaa zaidi bila kufunguliwa. Fomu iliyofungwa ni mtunzaji mzuri ambaye hadai chochote.

Kuhusu wakati wa kuanza, kuna vipindi viwili. Kabla zege halijashika, usimwage maji juu yake, maana utaosha saruji na kuacha uso wa vumbi. Lakini usiliache wazi pia. Mara kung'aa kwa maji ya juu kunapotoweka, zege limeanza kupoteza maji upesi kuliko linavyoyatoa kutoka ndani, na kama jua ni kali na upepo unavuma, nyufa za mwanzo zinaweza kutokea kabla ya fundi kumaliza kulainisha. Wahandisi huanza kuwa na wasiwasi pale uvukizi unapofikia kilo 1 ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa, na mapema zaidi kwa zege lenye unga wa silika. Funika kwa nailoni, au puliza ukungu mwepesi wa maji hewani juu ya slabu. Kisha, zege likishashika kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba halibonyei na maji hayachukui saruji, anza kulowesha. Katika hali ya joto hilo ni jambo la saa chache, wala si la kesho yake asubuhi. Maji yenyewe yasiwe ya baridi sana kuliko zege, kwani uso uliopashwa na jua ukipoozwa ghafla hupasuka.

Muulize fundi ametumia saruji gani. Akikuonyesha mfuko wa CEM IV, au wa CEM II/B wenye herufi P, V au S, ongeza siku saba nyingine.

SWALI: Unga wa kuzuia maji unaouzwa kwa ajili ya kuchanganya na saruji, je, unaondoa haja ya kumwagilia? *Msomaji*

JIBU: Hapana. Mwingi wa unga huo una kemikali za jamii ya sabuni za asidi za mafuta, ambazo hufanya kuta za vinyweleo zikatae maji. Husaidia dhidi ya maji ya mvua na unyevu unaopanda kutoka ardhini, ambapo maji hunyonywa bila shinikizo. Maji yenye shinikizo, kama ya ndani ya tangi, husukuma na kupita. Vinyweleo vikubwa hubaki vikubwa, na dawa pekee ya ukubwa wao ni ile niliyoieleza hapo juu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Tunapewa mashine ya kuvunja vipande vya zege, lakini je, kuna kipimo kinachoonyesha moja kwa moja jinsi maji yanavyopenya? *Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

JIBU: Vipo kadhaa, Ndugu Mwanafunzi. Kinachofahamika zaidi ni cha EN 12390-8. Kipande cha zege hufungwa kwenye chombo, maji yakashinikizwa kwenye uso wake mmoja kwa kilopaskali 500, sawa na uzito wa maji yaliyosimama kimo cha mita 50 hivi, kwa saa 72. Kisha kipande hupasuliwa katikati, na hapo ndipo somo lilipo. Uso uliopasuliwa unapoanza kukauka, sehemu iliyopata maji hubaki imekolea, na mpaka wake huonekana wazi, ukipanda na kushuka kuzunguka kokoto. Chora mpaka huo kwa kalamu upesi kabla haujafifia, kisha pima kina chake kirefu zaidi kwa milimita. Angalia mahali ulipochomoza sana: mara nyingi utakuta kokoto kubwa ambayo maji yalijikusanya chini yake zege lilipokuwa bichi, yakaacha ukanda dhaifu.

Kipimo cha pili hakihitaji mashine ya shinikizo. Kata kisahani cha zege chenye kipenyo cha milimita 100 na unene wa milimita 50, kikaushe kwa utaratibu uliowekwa, ziba pembeni, kisha kisimamishe uso mmoja ukiwa umegusa maji tu. Pima uzito kila baada ya muda na uchore ongezeko lake dhidi ya kipeuo cha pili cha muda. Mwinamo wa mstari unaoupata ndio kasi ya unyonyaji. Hiki ndicho ningekushauri ukitumie kwa utafiti wako, kwani kinapima uso, na uso ndio unaoumizwa na utunzaji mbaya. Tengeneza vipande kwa saruji mbili, CEM I na yenye pozolana, nusu uvitunze majini siku 14 na nusu uvianike siku ya pili. Kata visahani kutoka usoni na kutoka katikati ya kila kipande. Tofauti ya uso na katikati itakufundisha mengi kuliko tofauti ya saruji na saruji.

Kwa tangi zima, kipimo ni tangi lenyewe. Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 8007, kilitaka tangi lijazwe na kuachwa siku 7 hadi 21 ili zege linywe maji yake, ndipo kina cha maji kipimwe kwa siku 7 nyingine. Kushuka, baada ya kuondoa uvukizi na mvua, hakukutakiwa kuzidi sehemu 1 kwa 500 ya kina cha wastani, wala milimita 10.

SWALI: Ukuta wa tangi letu ulikaa wiki tatu bila kumwagiliwa, na sasa una nyufa nyembamba sana. Je, tukianza kumwagilia leo tutaokoa chochote, au tuubomoe? *Mwenyekiti wa ushirika*

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, msiubomoe bado. Saruji ambayo haikupata maji ingali imelala ndani, na ikilowa tena itaendelea kuzaa jeli, ingawa haitafikia pale ambapo ingefika kama isingekaushwa. Tabaka la nje limekwisha kusinyaa, na maji hurudi ndani ya vinyweleo polepole kuliko yalivyotoka. Kwa saruji yenye pozolana au slagi faida ya kulowesha upya ni kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa bado. Lowesheni kwa magunia na nailoni pande zote mbili kwa majuma mawili.

Nyufa zipimeni kwa kadi ya kupimia upana, msikadirie kwa jicho. Maji yanayopita kwenye ufa huongezeka kwa mchemraba wa upana wake, kwa hiyo ufa ulio mpana mara mbili hupitisha maji mara nane. Nyufa nyembamba hujiziba zenyewe zikikaa ndani ya maji, kwa chokaa inayoganda humo na kwa saruji inayoamka upya, mradi zisiwe zinatanuka na kusinyaa. Kiwango cha EN 1992-3 kinaruhusu ufa wa milimita 0.2 pale kina cha maji kisipozidi mara 5 ya unene wa ukuta, na ukomo huo hushuka hadi milimita 0.05 pale kina cha maji kinapofika mara 35 au zaidi. Kama tangi lenu lina maji ya kina cha mita 3 na ukuta wa milimita 200, kina ni mara 15 ya unene, na ukomo wenu unaangukia milimita 0.15 hivi. Zilizo chini ya hapo, jazeni tangi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na mzipe wiki tatu za kujiziba. Zilizo juu ya hapo zichomwe sindano ya resini (gundi ya kuziba nyufa) na fundi mwenye vifaa vyake. Kama mpango ni kupaka plasta ndani, plasta isubiri mpaka nyufa zitibiwe, vinginevyo itapasuka mahali pale pale.